Kahawa Kabla ya Sala

Muleba, Jumapili

Kahawa ya posa tukaitafuna, punje kwa punje, ishara kwamba tumekubali, mahari wakapatana, ndipo kaka yangu akasema tumwombe Mungu atuongoze. Atuongoze wapi tena? Anaombwa ushauri, au anaombwa kugonga muhuri?

Mke wa kwanza wa bwana huyu anayeposa alikufa kwa Juliana, kama tunavyouita ugonjwa huu unaotumaliza. Wote pale sebuleni walijua. Nikasema apimwe damu kwanza.

"Mwalimu, vitabu vimekuharibu," kaka akacheka. "Mungu ameshatuonyesha."

"Ametuonyesha makaburi," nikamjibu, "nanyi mmefumba macho."

Jioni binti yangu Koku, anayeposwa, akaniuliza, "Taata, kama ulijua, kwa nini nawe ulitafuna?"

Nilitafuna kwa sababu walikuwa wananitazama. Hata mimi, Mungu sikuwa nimemwuliza.