Eda ya Bibi Latifa

Baraka, Jumatatu asubuhi

Kaka yangu Sadiki,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu na wote wa nyumbani kwako huko Kalemie. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini umeacha kubeba mizigo ya mashua kana kwamba bado ni kijana. Sisi huku tu wazima, mihogo imekubali, na paa la nyumba ya baba limeacha kuvuja upande mmoja na kuanza upande wa pili. Mwanao Shukuru hana ugonjwa, ila chakula hakimpiti na suruali zimeanza kumpwaya.

Nakuandikia kwa sababu simu haitufai. Wewe hufoka kabla sijamaliza, nami hukata kabla hujamaliza. Barua haifokewi. Isome hadi mwisho, ndipo uinuke.

Jambo lenyewe unalijua nusu. Shukuru na Espérance wa Lweba wamependana, na tumbo la binti sasa ni miezi mitano. Tulipokwenda kujitambulisha kwao, mkubwa wa ukoo wao, Mzee Bonaventure, aliniuliza majina ya wazee wetu. Nikamtajia baba yetu Ramazani, kisha babu yetu Idi, mwenye mitumbwi ya Baraka. Akaweka kikombe chini. Akasema huyo Idi aliwahi kuoa kwao, kabla ya kumwoa bibi yetu Latifa, na kwamba bibi mzaa mama wa Espérance ni binti yake. Kwetu sisi Waislamu vitukuu wa mtu mmoja wanaoana na watu wanakula pilau. Kwa wazee wa Lweba ni mwiko. Mtoto wa wazazi wa damu moja hapewi jina na ukoo wowote. Walitupa wiki tatu za kuuliza, na kama ni kweli, Espérance apelekwe Uvira na asionane tena na Shukuru.

Ukaniagiza nithibitishe kwamba babu hakuoa Lweba kamwe, na nisirudi na aibu. Nilipanda pikipiki nikaenda, na kichwa kigumu kama chako.

Alioa, kaka. Karatasi hawana, lakini mbuzi wa ndoa wanamkumbuka kipande kwa kipande: nani alikula shingo, nani alipewa mguu, na mjomba gani alinuna kwa sababu aliletewa mbavu. Wajukuu wa huyo mjomba walikuwepo, na kinyongo wanacho hadi leo. Mtu hatungi uongo wenye mbavu.

Tena babu alifia kwao. Tumbo lilimkamata akiwa safarini, mwezi wa Ramadhani, na kaburi liko nyuma ya nyumba zao. Walinipeleka. Mzee Bonaventure alinipa jembe nipalilie mwenyewe, akaniita binti yao, na bamama wakanishika mikono wakasema nina paji la uso la Idi. Nililia, nakiri. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, huku nikijua kwamba kila neno zuri wanaloniambia linamnyang'anya Shukuru mke.

Ndipo mmoja wao akasema kitu kilichonizuia kulala. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba babu alikufa vita vya Mulele vilipolipuka, akamwacha bibi mjamzito, na baba akazaliwa porini juu ya Fizi. Wao wanasema mihogo iliyopandwa baada ya arobaini yake ilikomaa, ikavunwa na kuliwa, ndipo watu wakaanza kukimbia. Nyuma ya pikipiki nilihesabu miezi kwa vidole. Vidole vilikwisha.

Aliyebaki wa kuulizwa ni mmoja tu, Bibi Salma, yule jirani wa nyuma ya msikiti. Bibi yetu alipokaa eda ya kufiwa na Idi, miezi minne na siku kumi ndani ya chumba, Salma alikuwa msichana wa kumtumikia. Eda, kaka, pamoja na mengine, ni ya kuangalia kama marehemu ameacha mimba. Nilipomuuliza akasema alijua siku moja mtu atakuja. Kisha akasema, "Ni mi nilikuwa nafula bitambaa byake. Kila mwezi, binti yangu. Hakukuwa mimba mule ndani." Alizifua nguo za hedhi za bibi eda nzima.

Usiseme amechanganyikiwa. Anamjua kila kuku wa mtaa kwa rangi na mwenyewe. Alinieleza kwamba wakati wa vita bibi alipotelea milimani, akarudi na mtoto mgongoni, na jina la mwanaume hakulitaja hadi anaingia kaburini. Mama yake Idi alikuwa amefiwa na wana wote. Alimpokea mtoto mikononi, akamwita Ramazani kwa ajili ya mwezi aliofia mwanawe, akasema mbele ya majirani kwamba huyu ni wa Idi, na atakayesema vingine asile kwake. Hakuna aliyesema. Baba yetu alikua akiomba dua kwa ajili ya Idi kila Ijumaa, na sijui kama alijua.

Sasa elewa nilipokuwa. Nikinyamaza, jina letu linabaki zima na wale watoto wanatenganishwa kwa damu ambayo hawaichangii. Nikisema, tunakuwa watu wa nani? Na mashua yako uliyoiandika jina la Idi? Na nyumba hii, ambayo wajukuu wa ndugu za Idi wanaipigia mahesabu tangu baba afe?

Haya ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Wiki tatu zilikwisha jana. Tulikaa Lweba, Bibi Salma ubavuni mwangu, wazee mbele yetu, Espérance ameinamisha kichwa mlangoni. Simu yako ililia mara tatu. Niliiona, kaka. Nilijua ungenikataza, na nilijua ningekutii kama nilivyokutii maisha yangu yote. Niliizima. Kisha nikasema yote.

Bibi Salma aliapa. Mzee Bonaventure aliwageukia wazee wenzake. Halafu akasema, "Basi, baoane. Mwiko haiko." Bamama wakapiga vigelegele, na Espérance akainua kichwa. Nilipoinuka nikasema naomba kupita kaburini kabla ya kuondoka. Mzee akaniambia kwa upole sana, bila ubaya wowote, "Pale ni kwa batoto ba Idi, mama."

Nikarudi Baraka.

Harusi ni wiki ya mwisho ya mwezi ujao. Kasirika siku zote utakazotaka, lakini uje, kwa kuwa mwanao anakungoja na wakwe wanataka kumwona baba wa bwana harusi. Umbusu wifi kwa ajili yangu, wasalimu watoto mmoja mmoja, na Mungu akulinde ziwani.

Ni mimi mdogo wako,
Faida binti Ramazani, na nimeishia hapo.