Kiti ya meno yenye kuangalia mulango

Mama Laurentine, wewe mwenye kujibu bantu ku radio kila mangaribi, nisikilize na miye, juu mambo imenishinda na niko na haya ya kuiuliza bandugu.

Miye ni Constantin Mwaba, infirmier wa meno, musaidizi wa dokta, hapa Élisabethville, pa Katuba. Kazi ninaipenda sana, hata bibi yangu Delphine anasemaka ninaangalia bantu ku meno mbele ya kubasalimia, na mwaka hii dokta alinipa chumba yangu miye peke, yenye dirisha na mulango ya nyuma, na kiti ya meno yenye kupanda na kushuka, inang'aa, mama, ungeiona, na miye kwa furaha nikasema kiti sawa hii haifichwe, nikaisimamisha katikati, inaangalia mulango ya avenue, mulango wazi, na mabanc ya kuikalia bagonjwa nikayapanga mbele yake sawa mu cinéma, ili kila mwenye kupita aone namna tunatumika muzuri, na kweli banaona, banaona sana, juu siku ya kwanza mugonjwa wa kwanza alifungua kinywa, batoto bakajaa ku mulango bakaanza kuhesabu meno yake kwa sauti, na mwanamuke mumoja akaita kutoka inje, “Shemeji, ile ya nyuma imeoza!”, mugonjwa akaruka akakimbia na kitambaa yangu ku shingo, mpaka leo kitambaa sijaiona. Tangu pale bantu banafika, banachungulia, banarudi.

Lakini yenye kuniumiza sana ni hii: mama mukwe wangu, Mama Nkandu, ametoka Mitwaba juu ya jino, shavu imevimba, hakule, halale, na unajua desturi yetu, mukwe na mama mukwe habaonane uso, tukikutana ku njia yeye anaingia mu majani na miye ninageukia ukuta, juu bakwe habajanipikia kuku ya kuniingiza mu nyumba yao. Basi juzi bibi yangu alimuleta bila kumuambia muganga ni nani, mama akafika ku mulango, nikainua kichwa, tukaonana macho kwa macho, miye na pince ya kung'olea meno mu mukono, yeye na kinywa tayari wazi! Mama weee! Akajifunika uso na kilamba, kitambaa yake ya kujifunga, akarudi mbio na shavu yake, na miye nikajitupa nyuma ya kabati. Sasa anasema samedi, mbele ya siku ya Mungu, ataenda ku soko kwa fundi wa kinga, mwenye kutengeneza mabaiskeli, ule mwenye kung'oa meno na pince ileile ya kukazia minyororo ya kinga. Delphine analia, anasema niko na kiti ya dokta na mama yake anakufa na jino. Kumuangalia siwezi, kumuacha siwezi. Nifanye nini, mama?

* * *

Constantin, mutoto yangu, nimecheka mpaka jirani akapiga ku ukuta. Pole sana. Barua zingine zingojee, yako ninaijibu leo juu samedi iko karibu. Na kwa vile nimemaliza kucheka, sasa nitakugombeza.

Nani alikuambia kinywa ya muntu ni vitrine, kioo ya magazini ya kuonyesha bintu? Muntu ametoka kwake na maumivu, na woga, pengine hata na harufu, na wewe unamuonyesha kwa avenue nzima! Kiti yako ni muzuri, tumesikia, tumekubali, lakini hakuna muntu anaumwa jino ili akuje kuangalia kiti. Tena pa Katuba kila muntu ni mukwe wa muntu. Ku banc moja unaikalisha mukwe na baba mukwe, muntu hawezi hata kula mbele ya ule, na wewe unamuomba ateme damu? Ah, wapi!

Geuza kiti. Mugongo ku mulango, uso ku dirisha, na mwangaza itaingia mu kinywa. Vile ulivyoiweka, ninaapa, ulikuwa unasimama mu kivuli yako mwenyewe. Mabanc toa inje ku barza, bantu baikale na baongee, na weka pale maji ya kunywa na muntu mwenye uso ya kucheka wa kubapokea. Delphine anafaa, akiacha kulia. Tundika rideau, pazia nzito, ku mulango. Mwenye kumaliza apite mulango ya nyuma, avuke lupango, kiwanja ya nyuma, atokee njia ingine na pamba yake mu kinywa, juu mwenye kuingia akimuona vile anarudi kwao. Na bile bipince funika na kitambaa safi, karibu na mukono yako, usizunguke chumba nzima ukibitafuta na muntu iko anakungojea kinywa wazi.

Sasa mama mukwe. Desturi usiitupe. Lakini usingojee kuku, kuku banapikaka wakati mama anaweza kutafuna! Leo hii nunua kilamba mupya, muzuri. Delphine amupe na mikono mbili, aseme, “Mukwe wako anaomba ruhusa.” Kesho, mbele bantu habajafika, amuingize kwa mulango ya nyuma, amuikalishe, amufunike ile kilamba kutoka kichwa mpaka pua, kinywa peke ibakie inje. Yeye hakuone, na wewe hauone mama mukwe, unaona jino. Usiseme naye. Sema na Delphine, Delphine aseme naye: “Muambie afungue. Muambie inakaribia.” Hata akikushika mukono kwa maumivu, nyamaza, fanya kazi. Kwa fundi wa kinga asifike, mama wa bibi yako hana minyororo ya kukaza.

Na usinijibu kwamba uko na haya. Ule mama aliumia siku moja, na juu ya maumivu ile uko na Delphine leo. Kesho asubui ni zamu yako kumutolea yake. Amuka mapema.