Nguo Kumi na Saba za Mama Lea

Pongwe, Tanga
9 Februari 2025

Kwa Mama Mkubwa Mwatumu,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na hapo Mkwaja wote hamjambo. Sisi huku tu salama, alhamdulillahi, ila mimi nina jambo linanikaba, na wa kumwambia ni wewe uliyenifundisha kushona.

Zile sare za kwaya, nilizokwambia umeme ulikatika nikachanganya vitambaa, haikuwa umeme. Magauni ya damu ya mzee niliyatia kola za kijani, mchana kweupe. Kwangu ilikuwa rangi moja. Nyekundu na kijani sizitofautishi, na sijawahi kumwambia mtu. Walizichukua asubuhi ya ibada, hapakuwa na muda wa kubadili. Kanisa zima lilicheka. Tangu hapo wateja wakipita mlangoni kwangu wanatazama upande wa pili.

Sasa juzi kaja Ruthi, yule nesi, mmoja wa wanakwaya walewale. Mama yake, Mama Lea, alifariki mwaka jana. Kaleta mfuko wenye nguo zake kumi na saba. Anataka nizikate nimshonee baba yake, Mzee Methusela, mfarishi wa vipande wa kujifunika, uwe tayari Pasaka. Tangu msiba mzee haongei. Ni ndiyo na hapana, basi. Nikamuuliza Ruthi kwa nini mimi. Akasema, "Wenzangu waliangalia kola. Mimi niliangalia mshono."

Nguo za marehemu hazina nyingine dukani. Nikikosea, nimekosea moja kwa moja. Nizirudishe?

Mwanao,
Yasini


Mkwaja
16 Februari 2025

Mwanangu Yasini,

Marahaba. Goti bado lina kiburi, naswali nimekaa, lakini siku zinakwenda.

Ulipokuwa na miaka sita nilikutuma bustanini nyanya zilizoiva, ukaniletea mbichi kapu zima. Babu yako Hatibu, baba yetu mimi na mama yako, alikuwa hivyohivyo. Kwa hiyo nilijua. Nilinyamaza nikidhani nakusitiri, kumbe nilikuacha peke yako. Unisamehe.

Lakini nguo usirudishe. Rangi hazipatani kwa majina yake. Kwanza ni kukoza na kufifia, na hilo jicho lako halina kasoro. Tandika nguo zote sakafuni asubuhi, mlango wazi. Simama mbali, finya macho mpaka maua yapotee. Zilizokoza weka kushoto, nyepesi kulia, zilizobaki katikati. Ukishona, kilichokoza kilale ubavuni mwa chepesi, ndipo kila kimoja kionekane. Kitambaa chenye maua mengi usikikalishe na mwenzake mwenye makelele. Weka kilichotulia baina yao, jicho lipate pa kupumzikia.

Majina ya rangi niachie mimi. Kila nguo ikatwe kipande kidogo kwenye pindo, kama ukucha, kibanwe kwa pini kwenye karatasi na kuandikwa namba. Picha usitume. Simu inadanganya rangi.

Na kabla hujagusa mkasi, hata kwa hicho cha ukucha, mwambie Ruthi ukweli wote. Nguo ni za mama yake.

Mama yako mkubwa,
Mwatumu


Pongwe
27 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hali zetu nzuri, tunangoja mwezi uandame tuanze kufunga.

Nilitandika nguo kama ulivyosema. Nilipofinya macho, wallahi, zilijipanga zenyewe. Ruthi akanikuta hapo, nguo za mama yake zimejaa sakafu nzima. Nikamwambia kila kitu, hata ule uongo wa umeme.

Alichukua mkasi wangu, akakata vipande kumi na saba kwa mkono wake, akabana karatasi unayoiona, akaandika namba. Kisha akakusanya nguo zote mfukoni. Mlangoni akasema, "Mama yako mkubwa akijibu, nitajua la kufanya." Akaondoka na mfuko.

Nakutumia karatasi kwa mkono wa Sabiri, kondakta wa basi. Niandikie tu, hata kama hazitashonwa. Nimeona aibu, ila kifua kimekuwa chepesi.

Mwanao,
Yasini


Mkwaja
8 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na saumu njema. Karatasi nimeikagua siku mbili, mara uani, mara kivulini.

Namba 3 ni damu ya mzee na namba 9 ni kijani cha jani la mgomba. Hizo ndizo zinazokuchezea. Zote zimekoza, basi zitenganishe kwa namba 12, ile kanga ya manjano iliyofifia. Nyekundu ina nguvu, kwa hiyo iwe kidogo, lakini itawanyike kila upande, jicho litembee kuifuata. Samawati, namba 5, iweke karibu na namba 7 ya chungwa. Hizo mbili zinapandishana.

Namba 14 ni rangi ya vumbi, naona ni gauni la kazi za mkonge. Watu watakwambia ni baya. Hilo ndilo ulitumie kwa wingi kuliko yote. Lililotulia ndilo litakalozibeba nyingine.

Barua hii mpe Ruthi aisome mwenyewe.

Mama yako mkubwa,
Mwatumu


Pongwe
23 Aprili 2025

Mama Mkubwa Mwatumu,

Shikamoo, shikamoo tena! Unisamehe kwa kimya hiki, na kwa Idi nzima kupita bila barua. Nilikuwa nashona.

Ruthi aliisoma barua yako amesimama mlangoni. Alipomaliza akaenda kwao, akarudi na mfuko, akauweka mezani. "Panga, nikuone."

Nikapanga. Katikati akanizuia: "Hapo hapajakaa vizuri." Zamani ningebadilisha haraka. Safari hii nikamwambia, "Dada Ruthi, rudi nyuma hatua tano, ufinye macho." Akarudi. Akafinya. Akasogea kushoto, akasogea kulia, kisha akasema, "Kata."

Jumapili ya Pasaka nilialikwa kwao. Tulipoukunjua mfarishi sebuleni watu waliacha sahani. Bi Leticia, mwenye nyumba ya wageni Raskazone, akauliza nani kachagua rangi. Nikasimama mbele yao wote nikasema, "Mimi, Yasini. Nyekundu na kijani sizitofautishi, majina kaniandikia mama yangu mkubwa, na mpango ni wangu." Hakuna aliyecheka. Walipiga makofi, Mama Mkubwa! Na Bi Leticia ameagiza mifarishi sita.

Lakini hayo si kitu. Mzee Methusela aliweka kidole kwenye ile rangi ya vumbi. Akasema, "Hili alilivaa siku niliyomwona mara ya kwanza. Kwenye foleni ya maji. Alinipita mbele, nikamgombeza, akanigombeza zaidi." Akacheka. Ruthi akashika mdomo. Mzee akahamia kipande cha pili, akaeleza, cha tatu, akaeleza, chakula kikapoa na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Nguo zote kumi na saba, kila moja na habari yake.

Leo nimepita kuwajulia hali. Saa saba mchana, joto hili letu la Tanga, mzee kakaa barazani amejifunika mfarishi mpaka kidevuni, jasho linamtiririka. Ruthi kamsihi auvue. Kakataa katakata, na kaniita nikae nisikilize tena habari ya namba 3, ile damu ya mzee.

Mwanao, fundi,
Yasini