Utani Uliokupeleka Mahabusu

Mume wangu, Baba Nyamizi,

Barua hii naiandika wazi ili waisome na wale wa nchi za mbali wenye jibu letu. Kwa siri nimeshalia mpaka nimechoka.

Unakumbuka tulipomzika baba yako kule Kigwa? Pazi, fundi simu, mtani wako Mzaramo, aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akagoma kutoka. "Hazikwi Mnyamwezi hapa mpaka nipewe kuku!" Ulicheka huku machozi yanakutoka. Jioni ukaniambia bila Pazi ungeanguka.

Miaka yote alikutumia vitisho simuni, kwamba atakuuza, atakuchomea nyumba, nawe unamjibu vilevile. Ndiyo maana namba ngeni ilipokuandikia kwamba watazima mashine za hospitali unakotunza kompyuta, hukushtuka. Tulikuwa tunakula, ukanionyesha. "Pazi huyu, kabadilisha laini." Ukamjibu: "Zimeni haraka, mnanichelewesha." Na mimi nilicheka.

Asubuhi yake kompyuta zote za hospitali zikafungwa na hao waliokuandikia. Wagonjwa wakahamishwa, wakakimbizwa hospitali za mbali, na mama mmoja wa Goweko akafia njiani. Ulirudi nyumbani ukakaa sakafuni, hukutaka hata maji. Kisha wapelelezi wakasoma jibu lako, wakakuona mshirika wa magaidi wa mtandaoni, wakakukamata.

Pazi alikwenda mwenyewe kituoni kuwaeleza utani wenu. Walimsikiliza, ila wakasema ujumbe ulitoka kwenye mtambo ulio nchi nyingine, na nchi hiyo ndiyo inayojua nani aliutuma. Ombi likapelekwa. Likarudishwa liandikwe upya kwa lugha yao. Likaandikwa. Sasa wanasema mtambo ule ulikodishwa kwa watu wa nchi ya tatu, huko nako kupelekwe ombi. Waovu wale walivuka mipaka yote hiyo kufumba na kufumbua, lakini neno moja la kukuokoa linasubiri mhuri. Hivi serikali hizi haziwezi hata kupigiana simu?

Kila tukifika mahakamani ni yaleyale: upelelezi haujakamilika. Dhamana hakuna. Safari iliyopita shati lako la harusi lilikuwa linakupwaya, nikageuza uso usinione. Nimekata tamaa, Baba Nyamizi, sikufichi. Nikisali maneno yananiishia katikati.

Jumapili Pazi alikuja hapa kwetu Itetemia. Nikamwekea chai. Nyamizi akamchokoza kama ulivyomzoesha: "Babu Mzaramo, leo hudai kuku?"

Akainamisha kichwa. "Hapana, mwanangu. Mpaka baba yako arudi."

Akanywa chai yake, akaniaga kwa adabu, "Shemeji, ubaki salama," akaondoka bila kututukana hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Rudi, mume wangu, nimsikie tena akikutukana mlangoni.

Mkeo asiyefunga mlango,
Mama Nyamizi