Kahawa Kwenye Dishi

Dada Neema, shikamoo.

Huku ukweni, juu kidogo ya Usa River, baridi inauma, ndizi tunakula asubuhi na jioni, na jana nusura nife kwa kicheko. Majirani walijaa sebuleni kutazama fainali. Mpira ulipoanza tu, televisheni ikawa nyeusi. Baba mkwe akalaumu wingu la Meru, kisha akasema setilaiti imehama. Shemeji yako, fundi wa kila kitu, akamweleza kwa madaha kwamba setilaiti ile haihami. Inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo iko palepale juu ya vichwa vyetu siku zote, ndiyo maana dishi letu limelala chali uani kama sinia.

Tukatoka kuliangalia. Mama mkwe, vichanja vyake vikiwa vimejaa, alikuwa ameanika kahawa humo, anaigeuza taratibu kwa mkono.

"Mama, toa, mpira umeanza!"

"Nimekusikia dirishani ukisema haihami," akamjibu mwanawe. "Basi inisubiri. Jua ndilo linalohama."

Nakuletea kilo moja. Uinywe kwa heshima, imekula kipindi kizima cha kwanza. Nimewakumbuka mno, wabusu watoto.

Mdogo wako,
Upendo