Uliposhika Maiki Baada ya Endasak

Mama yangu,

Nakuandikia mtoto akiwa kifuani, kwa mkono mmoja, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Leo nimeikumbuka safari yetu ya basi la kukodi, sisi na wageni wa mjini, kutoka Mbulu kwenda kuuona mlima Hanang. Jirani alikucheka, "Mama, unapanda basi kwenda kutazama mlima unaouona kila siku ukikama?" Ukamjibu, "Leo nauangalia nimekaa."

Tuliposimama Endasak tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Tuliporudi ndani ya basi, dada aliyeongoza safari akatangaza kwenye maiki kwamba kile ndicho chakula cha njaa cha wenyeji. Ukainuka, ukamwomba maiki. Kwa woga ukaanza, "Shikamooni!"

Wewe, mkubwa kuliko karibu wote mle ndani! Basi zima likaitikia "Marahaba!" hadi wanafunzi waliokuwamo, halafu kicheko. Hukutetereka. "Haya, nimewapa zote, gawaneni. Aliyepata isiyo yake anirudishie." Ndipo ukawaeleza jinsi kibuyu kinavyosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yanukie vizuri. Ukamaliza, "Mwenye njaa hasubiri maziwa yagande."

Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani kwa aibu. Mwanamke wa kiti cha mbele aliponiuliza, "Huyo ni mama yako?" nikasema, "Hapana, ni jirani yetu."

Ulisikia, Mama. Ulirudi ukakaa, ukanifunika khanga yako kwa sababu baridi ilikuwa inaingia. Hukuligusa neno lile mpaka ukafariki, na mimi sikukuomba radhi.

Sasa Jumamosi kuna basi linakuja kwetu Bashay, na nimeombwa niwapikie wageni na kuwaeleza vyakula vyetu. Baba Neema anasema, "Mtoto ananyonya, utaongeaje mbele za watu?"

"Atanyonya nikiongea."

Mama mkwe ameguna. Na agune. Nimechoka, Mama, mgongo unauma na usingizi siujui tena, lakini nitakwenda. Nikipewa maiki, kabla sijataja chakula chochote, nitataja jina lako lote, niseme aliyenifundisha ni huyu, mama yangu aliyenizaa. Nitasema hadi wa kiti cha nyuma asikie.

Wewe pumzika. Mimi naenda kuloweka mahindi.

Ni mimi, binti yako uliyemfunika.