Bonde Nililolipaka Kijani

Shoga, pokea simu! Nimejifungia kwenye choo cha ofisini.

Unaikumbuka ramani yangu ya kwanza tangu waniajiri idara ya mipango miji? Ile niliyokutambia wiki nzima? Leo bosi kaitundika kikaoni, kanisifu mbele ya wakubwa. Nikavimba kichwa.

Halafu nikaiangalia vizuri. Bonde lenu lote nimelipaka kijani. Kijani, shoga! Yaani bustani, marufuku kujenga. Nilichora kwa kufuata picha ya angani ya zamani, enzi kule bado pori, na sikwenda kukagua. Mimi, niliyelala kwa mama yako kila likizo!

Nikamwambia, "Bosi, pale kuna nyumba."

Akacheka. "Kwenye ramani yako hakuna."

"Kuna watu, bosi!"

Akaniinamia, taratibu kabisa: "Najua. Ndiyo maana nimeipitisha haraka."

Najua. Kasema najua!

Sasa hivi anagonga mlango. Gari la watu wa kupiga X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa linanisubiri nje. Eti mchoraji ndiye anayewaonyesha nyumba ya kuanzia.

Shoga, mama yako yuko nyumbani?